Bibi wa Dozi Tatu

Ahsanteni, kaeni. Najua wapo walioanza kunong'ona kwamba nimekuja tena na bibi yangu wa samaki. Ndiyo, nimekuja naye.

Bibi huyu, mgonjwa wangu, alikaanga samaki kwa kuni zaidi ya miaka thelathini, kwenye banda la bati lisilo na pa kutolea moshi. Akaugua TB, TB ya kweli, vimelea vilionekana kwenye makohozi. Akamaliza dozi ya miezi sita, akapona. Kikohozi kikabaki. Akarudi kituoni, picha ya kifua ina makovu, wakasema TB imerudi, dozi ya pili. Mwaka uliofuata GeneXpert, mashine ya kutafuta TB kwenye makohozi, ikasoma chanya kwa mbali. Dozi ya tatu! Jamani, mashine ile inasoma vinasaba, na kimelea kilichokufa nacho kina vinasaba. Hakuna aliyeotesha makohozi maabara kuona kama kimelea kiko hai.

Tulipoyaotesha sisi, hakikuota kitu. Nikamwambia avute pumzi yote, apulize kwenye spirometa, kipimo cha upulizaji, mpaka iishe. Hewa ya sekunde ya kwanza, ukiilinganisha na yote aliyopuliza, ikiwa chini ya asilimia 70 hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua njia za hewa, basi njia zimebana. Yake haikufika nusu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, miaka yote hii hakuna aliyeniambia nipulize." Nilikosa la kujibu.

Sasa nawasikia: "Daktari, kwetu kipimo hicho hakipo." Sawa, kidaini, wala msichoke kukidai. Lakini korido mnayo? Mita 30 na saa ya mkononi vinatosha. Mgonjwa atembee dakika sita, mhesabu mita. Hapo hamjui anaumwa nini, mnajua anaelekea wapi. Tangu 2004 tuna alama za BODE, za kukadiria hatari kwa wenye COPD, yaani ugonjwa sugu wa njia za hewa kubana: wembamba wa mwili, upulizaji, kukatika pumzi, na mwendo huo. Akifika mita 350, mwendo una sifuri. Asipofika 150, alama tatu. Jumla inaishia kumi, na kadiri inavyopanda ndivyo hatari ya kifo inavyopanda. Bibi alitembea mita 190. Baada ya dawa ya kuvuta, mazoezi na kuhamisha jiko nje, 235. Picha yake ya kifua? Ileile, makovu yaleyale.

Mtu ataniuliza habari za panya wa Morogoro wanaonusa TB kwenye makohozi. Nawaheshimu sana, lakini panya hakwambii mapafu yamebaki kiasi gani.

Nilitaka kuwazungumzia wachimbaji wa Mererani, vumbi la mawe linavyoharibu mapafu na kuikaribisha TB. Muda hauruhusu. Angalau muulizeni mgonjwa amefanya kazi gani maishani, si ya sasa tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Korido ya hapo nje nimeipima asubuhi kwa futi kamba, ina mita 34. Wenye viatu vya kutembelea, nifuateni.