Kinachofika Kituoni Ni Faili

Mhadhara kwa wahariri wa video, Kisumu

Asanteni sana. Mliosimama mlangoni, viti vipo huku mbele, karibuni mketi.

Nianze na mama mmoja wa Dunga, ambaye jina lake nitalihifadhi. Anauza samaki pale ufuoni. Alituruhusu tumfuate na kamera tangu alfajiri, mitumbwi ikirudi na mbuta na ngege, hadi jioni akihesabu fedha zake. Tukapata kipindi cha nusu saa, na kituo kimoja cha runinga kikakubali kukirusha Jumapili. Mama akaalika majirani, akaazima viti. Saa ilipofika wakaonyeshwa kipindi kingine cha marudio. Ijumaa jioni tulikuwa tumepata ujumbe kwamba faili yetu imekataliwa, na muda wa kuirekebisha haukuwepo.

Jumatatu nilikwenda kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo picha ziliharibika?" Hazikuharibika, na hadithi ilikuwa imekatwa vizuri. Kituo hakikupokea hadithi, kilipokea faili, na faili ndiyo iliyokuwa mbovu. Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba kurenda, yaani kuiachia kompyuta ikokotoe video iliyokamilika, na kutoa faili ni sehemu ya uhariri, tena sehemu inayohitaji akili tulivu, ingawa huwa tunaifanya usiku wa manane tukiwa tumechoka.

Ujumbe ule ulitaja makosa matatu: mwendo wa picha, sauti na mwangaza. Nitakaa sana kwenye mwendo wa picha, kwa sababu ndiko ninakoona vijana wetu wengi wakianguka.

Runinga ya huku kwetu hutumia fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde. Nambari hiyo ina asili yake kwenye stima. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na waliobuni runinga Ulaya waliifungamanisha picha na mapigo hayo, fremu moja kwa kila mizunguko miwili. Marekani umeme ni mizunguko 60, kwa hiyo wao wakaelekea 30. Sasa simu nyingi tunazonunua hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kurekodi fremu 30. Ukirekodi hivyo na kuitupa video kwenye taimulaini (pale unapopanga vipande vya video) ya 25, programu lazima ifute fremu moja katika kila sita. Mama akiwa amekaa kwenye kiti akizungumza, huoni kitu. Lakini fuata mtumbwi unaopita kutoka kushoto kwenda kulia, maji yakimeta nyuma yake, na utauona ukishtuka mara tano kila sekunde. Picha yetu ya kufungulia kipindi ilikuwa mtumbwi wa namna hiyo.

Kuna baya zaidi. Simu nyingi hazishiki hata hiyo 30 sawasawa. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, hushuka kidogo na kupanda tena. Ndiyo maana midomo na sauti huachana taratibu kadiri mahojiano yanavyoendelea. Video ya namna hiyo igeuzwe kwanza iwe na kasi moja isiyobadilika, kabla hujakata hata fremu moja. Bora zaidi, wekeni simu kwenye 25 tangu ufuoni, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde. Hata taa za mirija za dukani zitaacha kupepesa kwenye picha, kwa kuwa nazo zinafuata mapigo ya stima ileile.

Kituo kile kilitaka picha ya HD ya 1080i, yaani ya mistari 1080, katika MXF (aina ya faili ya runinga), kwa kodeki, yaani njia ya kubana video, ya XDCAM HD422, megabiti 50 kwa sekunde. Hiyo herufi "i" ina maana kubwa. Kila fremu hugawanywa nusu mbili, mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, kisha mistari ya 2, 4, 6, na katika HD nusu ya juu ndiyo hutangulia. Ukizigeuza mpangilio, kila kinachotembea kitakuwa kikienda mbele na kurudi nyuma, kutetemeka tupu. Kompyuta mara nyingi itakuficha kosa hilo, kwa sababu huziunganisha nusu zile kabla ya kukuonyesha. Ndiyo maana nimeleta runinga hii hapa mezani. Faili ya kupeleka kituoni itazamwe kwenye runinga.

Sauti. Ulaya walikubaliana mwaka 2010 juu ya kipimo kiitwacho EBU R128: wastani wa kipindi kizima uwe LUFS -23 (LUFS hupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na vilele vya sauti visizidi desibeli -1. Vituo vingi duniani vinafuata kipimo hicho au kinachokaribiana nacho. Sisi tulikuwa tumezoea mtandaoni, ambako wengi husukuma sauti hadi karibu -14, kwa hiyo kipindi chetu kilikuwa na makelele ya desibeli 9 kupita kiasi. Usiikadirie kwa sikio, hasa ukiwa na hedifoni. Programu za uhariri zina mita ya LUFS. Pitisha kipindi chote ndani yake, si dakika mbili za mwanzo.

Mwangaza nitaugusa tu. Katika mfumo wa biti 8, ambao hupima mwangaza kuanzia 0 hadi 255, weusi wa runinga huanza 16 na weupe huishia 235. Maandishi yetu ya majina tuliyaweka 255, na mashati meupe chini ya jua la saa sita ziwani yalikuwa yamevuka mpaka pia. Weka kidhibiti cha mawimbi, yaani kichujio kinachozuia mwangaza kuvuka mpaka, juu ya taimulaini yote kabla ya kutoa.

Sasa kurenda kwenyewe. Nusu saa ni fremu 45,000, na kila fremu ya HD ina pikseli zaidi ya milioni mbili ambazo kompyuta inazikokotoa upya, pamoja na rangi na maandishi uliyoongeza. Hapa kwetu stima hukatika, na faili nyingi huandika kielekezo chake, yaani orodha inayoiambia programu kila fremu ilipo, mwishoni kabisa. Stima ikikatika kabla ya hapo, saa tatu za kurenda zinakuachia faili isiyofunguka. Nawasihi mrende kwanza faili mama, yaani nakala ya ubora wa juu, kwa mfano ya kodeki ya ProRes 422 HQ, kipande kwa kipande, kisha kutoka humo mtoe ile ya kituo. Itakula nafasi, takriban gigabaiti 41 kwa nusu saa. Lakini kituo kikikataa, hutaanza upya. Utatoa faili nyingine kutoka faili mama ile ile, jambo la dakika chache kwenye kompyuta nzuri.

Dada aliyekaa pale dirishani ameniuliza kabla hatujaanza kwa nini watu bado wanatuma diski kwa basi la usiku kwenda Nairobi. Hesabu ni hii, dada yangu. Faili ya megabiti 50, ukijumlisha sauti, hukaribia gigabaiti 12. Kwa intaneti ya kupakia megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni saa 2 na dakika 40 bila kukatika hata mara moja. Ukiwa na laini nzuri, tuma. Ukitumia diski, hakikisha haikupangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga diski, maana hiyo haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Na kabla ya yote hayo, ombeni kituo karatasi yao ya masharti. Vituo vinatofautiana, na niliyoyasema leo hayafuti yaliyoandikwa humo.

Kipindi cha Dunga kilirushwa majuma matatu baadaye. Kabla ya kukipeleka, tulikaa watu wawili tukaitazama faili yenyewe, si taimulaini, tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka. Dakika ya kumi na tisa tukakuta fremu moja nyeusi katikati ya mikato miwili. Hakuna mita ingetuonyesha ile.

Nadhani nimemaliza muda wangu. Aliyekuja na faili aliyoitoa mwenyewe aniletee diski hapa mbele, tuifungue kwenye hii runinga na tuitazame pamoja tangu mwanzo.