27 Kubwa Kuliko 29

REHEMA: Karibuni tena. Shomari leo kaingia na tairi la baiskeli bega moja, kalitua mezani kama kidhibiti cha mahakamani.

SHOMARI: Si kidhibiti, dada, ni marehemu. Nimelivua wiki hii. Soma ubavuni hapo.

REHEMA: 47-622.

SHOMARI: Na rimu lilimokaa, upana wa ndani ni milimita 17. Sasa tazama juu kidogo ya pale mdomo wa rimu ulipokuwa ukigusa. Raba imelika, nyuzi ziko nje, mstari mmoja umezunguka tairi zima, pande zote mbili. Kashata za juu, zile zinazogusa barabara, bado zina meno.

REHEMA: Basi masomo ya leo ni matatu: kupima rimu, kuchagua upana wa tairi, halafu upepo. La kwanza ni fupi. Unavua tairi, unapima kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, kutoka mdomo hadi mdomo, upande wa ndani. Usipime nje, maana unajumlisha unene wa kuta. Rimu nyingine zimeandikwa kabisa, 622x17 au 17C.

SHOMARI: Na msomaji asibabaishwe na inchi. 47 ni upana wa tairi kwa milimita, 622 ni kipenyo cha pale waya wa tairi unapokalia rimu. Hiyo 622 ndiyo watu wanaiita 28, na ndiyo hiyohiyo wanaiita 29.

REHEMA: Umeanza.

SHOMARI: Na 27 ni 630. Kwa hiyo 27 ni kubwa kuliko 29.

REHEMA: Kila kipindi!

SHOMARI: Halafu 27.5 ni 584. Ongeza nusu inchi, rimu inapungua sentimita 4 na ushei. Mwalimu wa hesabu akiingia karakana atalia.

REHEMA: Lakini sababu ipo. Jina lilitokana na kimo cha gurudumu likiwa na tairi lake. Chukua 622, ongeza tairi la 57 juu na chini, unapata 736, ambayo ni inchi 29. Chukua 630 na tairi la 32, unapata 694, inchi 27 na kidogo. Jina linahesabu rimu pamoja na tairi lake.

SHOMARI: Ndiyo maana mtu mwenye rimu ya 28 ananunua tairi la 27 akidhani litabana. Ukivisha tairi la 630 kwenye rimu ya 622, linaingia kwa vidole bila hata kijiko cha kuvulia tairi, unafurahi, unajaza upepo, linaruka nje na tyubu inapasuka. Ukigeuza, la 622 kwenye 630, utalazimisha hadi ukate waya.

REHEMA: Waisahau na 26 basi? 26 x 1.75 ni 559. 26 x 1¾ ni 571.

SHOMARI: Ewe mwalimu wa hesabu! Moja na robo tatu si 1.75!

REHEMA: Kwenye baiskeli, si sawa. Ukiona sehemu upande mmoja na desimali upande wa pili, hayo hayabadilishani hata kama namba zinalingana. Hata inchi 20: 1.75 ni 406, 1¾ ni 419. Turudi kwa marehemu.

SHOMARI: Marehemu kauawa na upepo mdogo.

REHEMA: Kauawa na upana. Kanuni ya mafundi: upana wa ndani mara 1.45 hadi mara 2. Rimu ya 17 inabeba 25 hadi 34. Ukiweka 47, tairi linakuwa kama balbu, shingo nyembamba kichwa kikubwa. Kila kona linayumba, na ubavu unakunjika palepale kwenye mdomo.

SHOMARI: Majedwali ya rimu na tairi yanairuhusu 17 kubeba hadi 50. Walioyatunga wamepima.

REHEMA: Kuruhusu ni kusema halitachomoka. Hawajasema halitalika.

SHOMARI: Lipewe upepo wake, halikunjiki. Mwenye hili alikuwa akilijaza kwa kubonyeza kwa kidole gumba.

REHEMA: Ukiongeza upepo ndipo unahamisha ugonjwa! Kwa upepo uleule, 47 linavuta kuta za rimu takriban mara moja na nusu ya 32. Na rimu ya breki za raba kuta zake zinakwanguliwa kila siku. Siku moja ukuta unapasuka.

SHOMARI: Nani kasema upepo uleule? 47 halihitaji upepo wa 32. Anza na kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni, panda kidogokidogo hadi ubavu uache kukunjika ukikaa.

REHEMA: Na kwenye rimu ya 17 utapanda kuliko ungepanda kwenye ya 23. Umekubali.

SHOMARI: Sijakubali kitu. Nimesema pampu.

REHEMA: Mimi nasema rimu. Au tairi la 32.

SHOMARI: Hata raba za breki hukwangua ubavu. Raba ikikaa juu mno...

REHEMA: Hiyo ingeacha alama pale raba inapogusa, na mara nyingi upande mmoja ndio unazidi. Hizi pande mbili ziko sawa.

SHOMARI: Kwa hiyo ni upepo.

REHEMA: Upana! Na dakika zimekwisha, hatujavuka somo la pili.

SHOMARI: Tumefika la 27.

REHEMA: Ondoa tairi lako mezani, nizime maiki.