Programu Ikikwama, Iulize Inataka Kuandika Wapi

Mhadhara kwa mafundi, walimu na makarani wa kompyuta, Kisumu

Oyawore, mafundi wenzangu, walimu, na nyinyi makarani mlioacha kaunta zenu asubuhi hii. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili Kakamega, wengine Nakuru. Nitalisema tena, kwa sababu wiki jana niliingia ofisi moja hapa mjini nikakuta kompyuta sita, na kwenye zote sita karani anafanya kazi kwa akaunti ya admini, yaani ya msimamizi mwenye haki zote juu ya kompyuta. Nikauliza kwa nini. Nikapewa jibu lile lile la miaka yote: "Programu yetu haifunguki bila hiyo."

Inafunguka! Hakuna aliyeiuliza inakwama wapi.

Mnakumbuka enzi za Windows 95 na 98. Hakukuwa na mlinzi wa faili. Programu iliandika popote ilipotaka, na nyingi zilizoea kuweka data zao humo humo zilimosakinishwa, ndani ya Program Files. Ikaja Windows XP mwaka 2001. Mlinzi yupo sasa, lakini akaunti ya kwanza unayofungua ni ya admini, na watunga programu nao walikuwa wanafanya kazi kama admini. Programu haikuwakwamia hata siku moja. Wangejuaje kwamba karani itamkwamia?

Sasa niwaeleze kilichotokea katika shule moja ya bweni upande wa Nyando. Shule siitaji.

Programu yao ya karo ilikuwa ya zamani, na daftari lake lote lilikuwa faili moja ndani ya Program Files. Fundi aliyenitangulia alifanya jambo la maana: alimfungulia mhasibu akaunti ya kawaida, na msaidizi wake akaunti ya kawaida, admini akabaki peke yake na nenosiri lake. Programu ikafunguka bila kulalamika. Kila mtu akaridhika.

Nusu muhula baadaye, mama mmoja alifika getini na stakabadhi ya benki mkononi. Mwanawe amefukuzwa karo, naye karo alishalipa. Mhasibu akafungua akaunti yake: kweli, mtoto amelipa. Msaidizi akafungua yake, kwenye kompyuta ile ile, programu ile ile: mtoto anadaiwa. Wakatafuta majina mengine. Kumi, ishirini, hayalingani. Watu wawili waliokuwa wakinywa chai pamoja kila saa nne wakaacha kusalimiana, kila mmoja akiamini mwenzake anakula pesa.

Niliitwa nitafute mwizi. Nikaingia, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya, nikaiendesha programu kama admini, nikaona daftari la tatu! Hilo lilikuwa limesimama tarehe ile ile fundi alipowafungulia akaunti, halina malipo hata moja ya muhula ule. Lau ningekuwa na haraka siku hiyo, ningesema data imepotea na kurudisha nakala ya zamani juu yake.

Mwizi hakuwepo. Tangu Vista, mwaka 2007, Windows ina njia ya kuzisitiri programu za zamani. Programu isiyojua sheria mpya ikitaka kuandika ndani ya Program Files, na mtumiaji hana haki hiyo, Windows haiikatalii. Inainakili ile faili na kuiweka kwenye folda ya mtumiaji huyo mwenyewe, ndani ya AppData, Local, VirtualStore, kisha inaiacha programu iendelee kama kwamba imefaulu. Kwa hiyo mhasibu alikuwa na daftari lake, msaidizi lake, na lile la asili limelala kule kule ambako admini peke yake analiona. Kila mmoja aliingiza malipo kwa uaminifu kabisa. Tulikaa siku mbili na stakabadhi za karatasi tukiyaunganisha madaftari hayo.

Najua mnachokiwaza, kwa sababu mwalimu mkuu alikisema papo hapo: "Basi wape wote wawili admini yaishe." Na kweli, wangekuwa wakiiendesha kama admini tangu mwanzo, wote wangeona daftari moja. Ndiyo maana dawa hiyo mbaya imeenea hivi: inaonekana inaponya. Lakini ofisi ile ile inapokea flashi za walimu zilizotoka kuchapishiwa mtihani kwenye vibanda vya stendi. Kirusi kikifunguliwa na mtu wa kawaida, kinabaki na uwezo wa mtu wa kawaida. Kikifunguliwa na admini, kinazima kinga ya virusi, kinajipandikiza kwa watumiaji wote, kinasoma faili za kila mtu. Fundi wa mfereji akija kutengeneza sinki unamfungulia jikoni. Kwa nini umkabidhi na funguo za sanduku la pesa?

Tulichofanya ni hiki. Programu ilikuwa na faili ya mipangilio yenye mstari unaotaja daftari liko wapi. Tukalihamishia daftari kwenye folda yake, nje ya Program Files, tukaubadilisha ule mstari, kisha kwa amri ya icacls tukalipa kundi la Users, yaani watumiaji wa kawaida, haki ya kurekebisha, ile herufi M, juu ya folda hiyo tu. Faili ya mipangilio nayo ilitaka kuandikwa kila programu inapofungwa, tukaipa haki hiyo hiyo faili hiyo moja. Mwisho tukazifuta nakala za VirtualStore, baada ya kuziweka akiba pembeni. Msipozifuta, programu itaendelea kusoma za zamani, mtakesha mkitafuta kosa.

Na hapa nawaomba msikilize kwa makini. Msitoe haki hiyo kwa folda yote ya programu! Nawaona mkifanya hivyo kwa sababu ni rahisi. Ndani ya folda ile mna faili ya exe yenyewe, ile inayoendeshwa ukiifungua programu. Ukimruhusu kila mtu kuirekebisha, kirusi kitaibadilisha, kisha kitakaa kimya kusubiri siku admini atakapoifungua. Utakuwa umekipa kirusi haki za admini kwa mlango wa nyuma.

Usipojua programu inakwama wapi, chukua Process Monitor, chombo kinachoonyesha kila faili programu inayoigusa; Microsoft wanaitoa bure. Iendeshe kwa nenosiri la admini, programu yenyewe iendeshe kama mtumiaji wa kawaida, kisha chuja mistari iliyoandikwa ACCESS DENIED, yaani imekataliwa. Si kila mstari una maana, kwani programu nyingi huomba haki kubwa, zikinyimwa zinashika ndogo na kuendelea. Tazama mstari ulio karibu na pale ilipokufa. Mara nyingi ni faili mbili, tatu, au ufunguo mmoja kwenye rejista, pale Windows inapotunza mipangilio.

Kuna anayesema haya ni mambo mapya ya wakubwa wa Nairobi. Mwaka 1975 wataalamu wa usalama wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa haki chache kabisa zinazotosha kazi yake. Wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa.

Na yule wa nyuma anayesema virusi vya kudai fidia havihitaji admini: ni kweli, vitafunga faili za karani, na lile daftari tulilomruhusu kuliandika. Lakini nakala za kivuli ambazo Windows huhifadhi haviwezi kuzifuta kwa amri ya vssadmin bila haki za admini, na faili za watumiaji wengine zitapona. Bado fanyeni akiba kwenye diski ya nje, na ichomolewe. Sitaki kusikia kwamba ilikuwa imechomekwa mwaka mzima.

Nilitaka kuzungumzia na runas yenye savecred, amri ya kuendesha programu kwa akaunti nyingine na kuhifadhi nenosiri lake, naona saa imetutupa mkono. Kwa kifupi, msiitumie. Nenosiri la admini likishahifadhiwa hivyo, akaunti ya karani inaweza kuendesha kwa haki za admini programu yoyote, si ile moja uliyokusudia. Masasisho na Linux tutayaacha siku nyingine.

Ndugu yangu uliyekuja na kipakatalishi chenye programu ya duka la dawa, njoo hapa mbele, chomeka kwenye projekta. Ingia kwa akaunti ya kawaida. Hapana, si hiyo, ile ya muuzaji. Ifungue programu, iache ikatae, na mtu asiguse kitu mpaka tusome imekataliwa wapi.