Kamera ya Filamu Imeibwa: Ununue Ipi Sasa?

OKELLO: Karibuni tena. Leo tuna swali moja tu, na linatosha kujaza kipindi. Msikilizaji wetu wa Jinja ameibiwa Canon AE-1 kwenye teksi, ikiwa na lenzi yake ya 50mm. Amebaki na lenzi ya FD ya 28mm, yaani ya mfumo ule ule wa zamani wa Canon, na Canon ya dijitali anayopigia picha za kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa. Anauliza: anunue AE-1 nyingine, au ahamie Nikon FM2 kama wenzake wanavyomshauri?

ZAINA: Ssebo, kabla ya pesa kutoka mfukoni, polisi kwanza. Aandikishe wizi apewe namba ya SD, ya daftari la kituo cha polisi, na namba ya kiwandani ya bodi, yaani kamera bila lenzi, iandikwe humo. Lenzi nayo ina namba yake, kwenye pete ya mbele. Bila namba hizo, hata akiiona kamera yake mezani kwa muuzaji hana cha kuonyesha kwamba ni yake.

OKELLO: Na akiletewa AE-1 ya bei ya kutupa wiki mbili baadaye, aulize imetoka wapi. Kununua mali ukijua ni ya wizi ni kosa.

ZAINA: Haya, tuje kwenye swali. Mimi sianzi na jina la kamera. Naanza na kilichobaki kwenye begi. Ile Canon ya dijitali ina lenzi gani?

OKELLO: Ametaja mbili. EF 50mm f/1.8, na ile 18-55 iliyokuja na kamera.

ZAINA: Basi nusu ya kamera anayo tayari! Anunue bodi ya filamu ya EOS, ya Canon hiyo hiyo. EOS 300 ya mwaka 1999, kwa mfano, inachukua hiyo 50mm ikiwa na otofokasi yake na kila kitu. Ile 18-55 haitaingia kwa sababu ni EF-S, ya kamera za dijitali tu, na asijaribu kuilazimisha. Bodi hizi zinauzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na AE-1, kwa sababu tu ni za plastiki na hakuna anayejivunia kuivaa shingoni.

OKELLO: Zina sura ya toy, useme ukweli.

ZAINA: Filamu haioni sura. Halafu EOS 300 ukiiwekea filamu, inaivuta yote nje ya mkebe kwanza, kisha inairudisha picha moja moja. Mgongo ukifunguka kwa bahati mbaya, ulizokwisha kupiga ziko salama ndani ya mkebe.

OKELLO: Betri je? EOS 300 inakula CR2 mbili, na CR2 huipati kila duka.

ZAINA: Kweli. Anunue jozi mbili kwa mpigo. Na akiona zile EOS za zamani zaidi, kama EOS 650 ya 1987, afungue mgongo aangalie visu vya shata. Ndani yake mna kisponji cha kupunguza mshtuko ambacho kwa uzee huyeyuka kikawa kama lami, na lami hiyo hushika kwenye visu. Ukiona madoa meusi yanayonata, iache hapo hapo. Shata itakwama, au itafunguka nusu.

OKELLO: Mimi nina njia nyingine. Ana lenzi ya FD ya 28mm, na lenzi za FD haziingii kwenye EOS. Kwa nini asinunue Canon FTb? Ni ya 1971, inachukua FD, na shata yake ni ya mitambo mitupu. Betri ni ya mita ya mwanga tu. AE-1 betri ikiisha, imekufa. Haifyatui kabisa.

ZAINA: Lakini mita ya FTb ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka alkalaini ya 1.5, mita inadanganya, na inadanganya tofauti kadiri betri inavyochoka.

OKELLO: Kuna dawa. Betri za vifaa vya kusikia namba 675, zinc-air, zinatoa kama 1.4 na hazishuki hadi zinapokwisha. Ni nyembamba kidogo, kwa hiyo unaizungushia pete ya mpira ikae katikati. Ukishatoa ile stika yake inaanza kuvuta hewa na inaisha baada ya wiki kadhaa, hata kamera ikiwa kabatini. Na mita ikifa kabisa, jua letu la saa sita halihitaji mita: tundu la lenzi linalopitisha mwanga liwe f/16, na shata iwe karibu sekunde moja kugawanywa kwa ISO ya filamu. Filamu ya 200, weka 1/250.

ZAINA: Kwa jua la saa sita sawa. Chini ya hema la kwanjula utaitafuta mita.

OKELLO: Nakubali hapo. Sasa FM2?

ZAINA: FM2 ni kamera nzuri mno. Inafika 1/4000, na betri zake ni LR44 mbili ambazo fundi saa yeyote anazo. Lakini yeye hana lenzi hata moja ya Nikon. Atanunua bodi, kisha lenzi, na jina hilo limepandisha bei. Na wale wenye Nikon za dijitali wanaodhani lenzi zao zitafanya kazi humo, wasikie: lenzi za G hazina pete ya tundu. Kwenye FM2 tundu linabaki limebanwa hadi mwisho. Mwenye lenzi za G atafute Nikon F100. Inatumia betri nne za AA, zile za kila kiduka. Tatizo lake ni mpira wa mgongo unaonata na kilachi cha mlango ambacho ni cha plastiki na kinavunjika.

OKELLO: Kuna pia kamera mpya kabisa, Pentax 17, iliyotoka 2024 kwa takriban dola 500. Inapiga nusu fremu, kwa hiyo roli ya picha 36 inakupa 72. Kwa bei ya filamu ilivyo, hilo si dogo.

ZAINA: Fokasi yake unaikisia kwa alama za umbali. Kwa mtu aliyezoea kuzungusha lenzi na kuona, ataichoka. Na dola 500 kabla ya ushuru.

OKELLO: Hapo kwenye ushuru tusimame kidogo. Ukiagiza nje, URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wanajumlisha bei ya kamera, usafiri na bima, wanaweka ushuru, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Muuzaji akikupa usafiri wa bei kubwa, unaulipia kodi pia. Na kwa wauzaji wa Japani, ukiona neno junk, maana yake haijajaribiwa au ni mbovu, na hairudishwi. Wengi wanaona picha inang'aa, hawasomi maelezo.

ZAINA: Tuseme ameipata ya hapa Kampala, iko mkononi. Anakagua vipi?

OKELLO: Chumba cha betri kwanza, kwa sarafu. Unga wa kijani au mweupe ni betri iliyovuja. Kidogo kinatoka kwa siki na kijiti cha pamba. Kikiwa kimeingia kwenye nyaya, hilo ni jambo jingine. Kisha anafungua mgongo, anatoa lenzi, anapitia kila mwendo wa shata. Ile ya sekunde moja aichukue video kwa simu, slow motion ya fremu 240. Sekunde moja iwe fremu kama 240, 1/30 iwe kama 8. Kuanzia 1/125 kwenda juu simu haisaidii tena. Kwa 1/1000 aielekeze kwenye anga jeupe, aangalie kwa nyuma, afyatue mara kumi. Aone mstatili mzima. Upande mmoja ukiwa na giza, pazia moja la shata linachelewa, na picha zitatoka na giza upande mmoja.

ZAINA: Akiwa bado anaifikiria AE-1, asikilize mlio. Ikifyatuka kwa sauti kama ya kukohoa, mafuta ya gia za kioo cha ndani yamekauka. Inaendelea kupiga, lakini kioo kinazidi kuwa kizito. Apunguze bei au aiache. Na betri yake ya volti 6, akiikosa, LR44 nne zikipangwa mstari mmoja na kuviringishwa kwa karatasi zinafanya kazi. Zinabaki fupi kidogo, ajaze kwa foili iliyokunjwa.

OKELLO: Sponji.

ZAINA: Ndiyo, sponji za mlangoni na ile chini ya kioo cha kutazamia, ambako kioo cha ndani hugonga. Aguse kwa kijiti cha meno. Ikinata, imeoza. Hiyo haiui biashara: zinabanduliwa kwa spiriti, kwenye mifereji unalaza uzi mweusi wa sufi, upande wa bawaba sponji ya milimita 2. Ila spiriti isiguse kile kioo cha kufokasia. Ni plastiki, kinapata ukungu usiotoka.

OKELLO: Lenzi aimulike kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi. Fangasi inaonekana kama nyuzi au vitawi. Huku kando ya ziwa unyevu ni mwingi, kwa hiyo lenzi iliyokaa miaka ndani ya begi la ngozi mimi siiamini. Majani ya tundu yawe makavu na yafunge paa! Yakiwa na mafuta, yanachelewa na picha inapata mwanga kupita kiasi. Mwisho, azungushe fokasi hadi mwisho kabisa upande wa mbali, atazame mnara wa msikiti wa Old Kampala kutoka mbali. Usipokuwa mkali, mtu ameifungua hiyo lenzi na kuifunga vibaya.

ZAINA: Basi uamuzi wangu: EOS 300 na ile 50mm yake, FD ya 28mm aiuze asaidie kununua filamu.

OKELLO: Na mimi nasema FTb kama ataipata nzima, kwa sababu siku CR2 zikikosekana Jinja, EOS yake ni tofali. Ila kama haipati iliyokaguliwa hivi, afuate ya Zaina.

ZAINA: Vyovyote vile, roli ya kwanza iwe ya majaribio. Filamu ya bei nafuu, na daftari. Apige ukuta ule ule kwa kila mwendo wa shata, akibadilisha tundu ili mwanga ubaki sawa. Negativu zikitoka, msongamano, yaani kiasi cha weusi, uwe mmoja. Fremu zikipandana, mvuto wa filamu una kasoro. Mstari mweusi unaoingia kutoka ukingoni, kila fremu mahali pale pale, ni sponji inayopitisha mwanga, na hiyo anaitengeneza mwenyewe. Asipeleke harusini kamera ambayo hajaona negativu zake.