Mpira Ukiwa Bado Hewani: Namna ya Kuchagua Picha Moja ya Michezo

Mhadhara kwa wanachama wa klabu ya wapiga picha, Mtwara Mjini

Mwenyekiti, na wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Wanaklabu wenzangu, habari za jioni. Mmeniomba nizungumzie jambo moja: mtu katoka uwanjani na mamia ya picha, shindano linataka moja tu, aichague vipi? Ninachokiamini nakisema mapema, ili mjue ninakoelekea. Picha bora ya michezo ni ile ambayo ukiitazama bado hujui itakuwaje.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Uwanja wa Nangwanda Sijaona, kipindi cha pili, kona inapigwa. Kamera nyingi za siku hizi ukiganda na kitufe zinakutolea picha kumi na zaidi kwa sekunde moja, kwa hiyo ukifika nyumbani unakuta fremu za kona ile ile zimepangana kama treni. Kwenye moja, mpira uko wavuni na mfungaji anaonekana mgongo. Iliyoitangulia, mpira umekutana na kipaji cha uso, macho kayafumba, sura imekunjamana. Rudi nyuma fremu moja zaidi. Mpira uko kama shibiri kutoka kichwani. Mshambuliaji kaukodolea macho. Beki kamkamata jezi mpaka kola imemvutikia kooni. Nyuma yao kipa, visigino ndiyo kwanza vinaachana na ardhi, vidole vya glavu vimetanuka.

Najua wengi mtapeleka ya goli, kwa sababu ni goli. Wengine watapeleka ya mpira kukutana na kichwa, kwa sababu kuipata ni kazi. Mimi ningepeleka hiyo ya tatu. Pale kuna watu watatu wanaotaka kitu kimoja, na hakuna hata mmoja aliyekipata. Mtazamaji anaanza kubashiri, na akishaanza kubashiri hawezi kuipita picha yako haraka.

Kumbukeni, ndugu zangu, jaji hakuwepo. Hajui kwamba ilikuwa dakika ya mwisho, hajui kwamba timu ilikuwa inapigania kutoshuka daraja, hajui kwamba ulisimama juani tangu saa nane ukiwania nafasi nyuma ya goli. Sisi tunazipenda picha zetu pamoja na jasho lake, na hilo ndilo linalotuharibia uchaguzi. Kwa hiyo usichague usiku ule ule. Ziache siku kadhaa, mpaka kelele za jukwaani zikutoke masikioni. Kisha mpe mtu ambaye hakwenda uwanjani, mama yako, jirani, fundi wa cherehani, usimwelezee kitu, umuulize: hapa kunatokea nini? Akianza kukueleza mwenyewe, hiyo ibakize. Akikuuliza, "Huyu ni nani?", basi umemwonyesha mtu tu, tukio hajaliona.

Sasa nizungumze habari ya picha moja maarufu, maana najua mtanipinga nayo. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston, jimbo la Maine kule Marekani, Muhammad Ali alimwangusha bondia mwenzake Sonny Liston raundi ya kwanza. Mpiga picha Neil Leifer akaipata ile picha ya rangi ambayo mmeiona kwenye fulana na kwenye kuta za saluni. Mtasema: Liston yuko chini, jibu limeshatoka. Mtazameni Ali tena. Mkono kaukunja kifuani, mdomo uko wazi, anamfokea mwenzake ainuke. Swali lililobaki ni je, atainuka? Na kuna jambo jingine mle ndani. Katikati ya miguu ya Ali anaonekana mpiga picha mwingine, Herb Scharfman, yuko upande wa pili wa ulingo. Alikuwa mtu mzoefu kabisa. Tukio lile lile, sekunde ile ile, yeye likampa mgongo. Mkifika mezani kuchagua, picha ya mgongo iwekeni kando hata kama tukio lake ni kubwa namna gani, labda mgongo wenyewe uwe unasema kitu.

Na wa kwetu tunaye. Mexico City, Olimpiki ya 1968, John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti, akaendelea mguu ukiwa umefungwa bendeji. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Matokeo ya mbio yalishajulikana, medali zilishapata wenyewe. Lakini picha ya mguu ule haijaacha kumuuliza mtazamaji: atafika? Kwa hiyo nisieleweke kwamba nasema mkimbilie mshindi. Mara nyingi swali liko kwa yule anayehangaika nyuma.

Mwanachama mmoja hapa ananiuliza: je, ile ya Gabriel Medina, mteleza mawimbi wa Brazil? Swali zuri. Tarehe 29 Julai 2024, Teahupo'o, Tahiti, mpiga picha Jérôme Brouillet alimpiga picha Medina akiwa hewani juu ya bahari, kidole kimoja juu, ubao wake umesimama wima sambamba naye. Wimbi keshalimaliza, na anajua kalimaliza vizuri. Hapo kanuni yangu haifiki yote, na sitailazimisha. Ile inashinda kwa umbo: mtu na ubao, mistari miwili iliyonyooka, na nyuma yao mawingu tu, hakuna kinachowagusa. Ukiipata picha ya namna hiyo, ipeleke, usinisikilize mimi.

Twende Mikindani, maana baadhi yenu mmepiga mashindano ya ngalawa na mnashangaa picha zinatoka kana kwamba chombo kimetia nanga. Sababu ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Ukipiga kwa moja ya elfu ya sekunde unagandisha kila kitu, na tanga lililojaa upepo likigandishwa halitofautiani na tanga lililotundikwa. Katika zile ulizonazo, tafuta ambayo maji yanakufanyia kazi: mrengu, yaani lile gogo la pembeni linalozuia ngalawa isipinduke, unapasua wimbi, matone yako hewani, na baharia katambaa juu ya mrengu wa upande upepo unakotoka, kaegemeza mwili wote nje, kamba kaishika kwa mkono mmoja. Hapo tunajiuliza kama chombo kitalala au kitasimama. Halafu upeo wa bahari uunyooshe. Bahari iliyoinama upande mmoja jaji ataiona kabla hajaiona ngalawa.

Kwa baiskeli ni kinyume chake. Ukipunguza kasi ya shata mpaka moja ya thelathini ya sekunde na kumfuata mpanda baiskeli kwa kamera, miti ya nyuma inakuwa michirizi, yeye anabaki anasomeka. Picha nyingi zitaharibika, ndivyo ilivyo. Katika zilizopona, chagua yenye uso mkali. Magurudumu na miguu vikivurugika havina neno.

Mwanga nitaugusa kidogo. Mechi ikianza saa kumi, dakika za mwanzo jua bado liko juu na paji la uso linatia kivuli machoni. Kwetu huku jua linazama karibu na saa kumi na mbili, hivyo nusu saa ya mwisho linashuka na kuingia chini ya nyusi. Fremu mbili zikilingana kwa tukio, chukua yenye macho.

Kukata pembeni kunaruhusiwa, na wengi wenu hamkati vya kutosha. Mwavuli wa muuza maji uliochomoza juu ya kichwa cha beki hauna kazi, uondoe kwa kukata. Lakini kuhamisha mpira, kufuta mtu, kuongeza vumbi, hapana. Mwaka 2015 waandaaji wa World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, walitoa kiasi cha moja ya tano ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, kwa sababu zilichezewa. Mpira uliousogeza kwa kompyuta hauulizi chochote, kwa sababu wewe ulishaujibu.

Dada wa nyuma anauliza kama picha ya simu inaweza kushindana. Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa, kanuni za klabu zinaruhusu. Basi usiende nayo Nangwanda ukasimame jukwaani, mchezaji atatoka kama sisimizi. Nenda ufukweni Shangani wanapocheza vijana jioni, omba ruhusa, piga magoti karibu na mstari, simu iwe chini usawa wa mchanga. Mchezaji akikujia, mchanga unaruka kuelekea kwako na miguu inajaza fremu. Kisha chagua ile ambayo mpira hajaugusa bado.

Mwenyekiti, nadhani wamenisikia vya kutosha. Mlikuja na picha zenu, tuzitandaze hapa mezani. Tuanze na za ngalawa.