Soma namba kabla ya kusema diski imekufa

Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, Bukavu

Ndugu zangu mafundi, dada zetu, wadogo zangu wanafunzi, karibuni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili. Leo nalisema tena, kwa sababu limejirudia hapa hapa mjini na limeniuma.

Mwalimu mmoja wa Ibanda, umeme ulimkatikia Windows ikiwa katikati ya kujisasisha, na tangu siku hiyo kompyuta haikufunguka. Akaipeleka Kadutu. Programu ya kuweka Windows ikasema hakuna diski hata moja. Fundi akachomeka flashi yake ya Linux, ya mwaka 2018, nayo haikuona kitu. Hukumu ikatoka: diski imekufa. Mwalimu akauziwa nyingine kwa dola 60, ikafungwa, na kompyuta ikajibu vilevile: hakuna diski. Fundi akasema basi ni bodi. Alipofika kwangu, diski yake ya kwanza, kile kibapa cha milimita 22 kwa 80, ilikuwa mfukoni mwa shati, imefungwa kwa karatasi ya daftari. Ndani yake zilikuwa alama za wanafunzi za mwaka mzima.

Nikairudisha mahali pake, nikakaza skrubu yake moja, nikawasha kwa Linux ya karibuni na kuandika amri moja, inayoorodhesha vifaa vya ndani ya kompyuta pamoja na namba zao: lspci -nn. Mstari ukatoka, na ndani ya mabano kulikuwa na namba: 8086:9a0b. Upande wa kwanza ni mtengenezaji, 8086 ni Intel. Upande wa pili ni kifaa chenyewe, na hicho ni VMD, kontrola (msimamizi wa diski) iliyowekwa mbele ya diski katika kompyuta nyingi za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kutoka mwaka 2020. Diski ya NVMe, yaani aina ya kile kibapa, inakaa nyuma yake kama watu ndani ya ua. Lango lisipofunguliwa, utaapa kwamba nyumba ni tupu.

Sasa sikilizeni vizuri. Linux ina draiva ya VMD, yaani programu ya kuongea na kifaa hicho, tangu keneli (kiini cha Linux) toleo 4.5, mwaka 2016. Maana yake flashi ya yule fundi ilikuwa nayo! Kilichokosekana kwanza ni namba 9a0b katika orodha ya vifaa ambavyo draiva ile inavijua. Namba moja, katika mstari mmoja. Kwa mstari huo mtu katoa dola 60 na karibu apoteze kazi ya mwaka. Alama zote tulizisoma jioni ile ile.

Mtaniambia: mukubwa, si uingie tu BIOS, mipangilio ya bodi, uzime VMD? Pengine inafaa. Lakini Windows iliyokwisha kuwekwa ikiwa imezoea njia ile, inaweza kugoma kuwaka na kukutupia kosa 0x7B, yaani diski ya kuwakia haifikiki. Wazee wa kazi wanalijua tangu XP, enzi za kubonyeza F6 na kutafuta disketi yenye draiva. Usibadilishe kitu kabla hujajua umekutana na nini.

Mwingine atauliza: AHCI, kanuni ya kuongea na kontrola za diski, si ni moja tangu 2004, namba za nini? Ni kweli, kontrola ikijitambulisha kwa aina 0106, draiva ya ahci huipokea hata kama haijui namba yake. Ila BIOS ikiiweka katika hali ya RAID, ya kuunganisha diski kadhaa ziwe kama moja, kontrola hiyo hiyo hujitambulisha kama 0104, na hapo bila namba yake kwenye orodha, inapitwa. Kontrola nyingine zina ulemavu wake, lazima zitajwe moja moja.

Na huhitaji kungoja toleo jipya ili ujaribu. Ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, andika namba mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa, zikiachana kwa nafasi, ndani ya /sys/bus/pci/drivers/ahci/new_id. Diski ikijitokeza, ifungue kwa kusoma tu, nakili mali ya mteja, kisha waandikie watunzaji wa draiva hiyo. Anwani zao zimo katika faili la MAINTAINERS, ndani ya msimbo wa keneli. Nasikia tayari: Kiingereza changu ni kidogo, sisi tumesoma Kifaransa. Jamani! Hawaombi insha. Wanataka mstari wa lspci -nn, toleo la keneli, na yale dmesg, kumbukumbu ya keneli, iliyoyasema. Usipotuma wewe uliyekishika kifaa mkononi, nani atume?

Muda unakwisha, la initramfs, yaani mfumo mdogo unaopakiwa kwanza Linux inapowaka, nalipitia haraka: draiva inaweza kuwa kwenye keneli lakini haimo katika initramfs, na mfumo ukakwama njiani. Ijenge upya: kwenye Debian amri ni update-initramfs, Fedora ni dracut. Ya RAID yenyewe tuyaache.

Kompyuta hii hapa mezani imeletwa asubuhi na dada yule wa nyuma. Ameambiwa haina diski. Nani ana flashi yenye Linux ya karibuni? Njoo mbele uichomeke, na usome namba kwa sauti.