Kipimajoto Hakijui Ulikolala

Ahsante, Mwenyekiti. Leo ni magonjwa ya kuambukiza safarini. Mlionisikia zamani mnajua ninapoanzia: yule anayemeza paracetamol alfajiri ya safari ili homa ishuke kabla hajafika kwa mwenye kipimajoto mpakani. Mnacheka. Msininyooshee mikono, sitaki kuwajua.

Jamani, kile kifaa kinapima joto la paji la uso. Hakijui ulilala wapi juzi wala ulimuuguza nani. Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 ndipo ijitokeze. Mtu anapita mpakani hana homa, na kidonge hajameza. Kinachobaki ni yale maswali ya fomu ya afya ya msafiri, na mwenye majibu ni wewe peke yako.

Julai 2014 abiria mmoja alishuka Lagos kutoka Liberia, hoi. Hospitalini akakana: sijakutana na mgonjwa wa Ebola. Wakamtibu malaria; nani asingeanzia hapo? Dkt. Ameyo Adadevoh akatia shaka, akaagiza apimwe. Mgonjwa anataka kuondoka, ana mkutano. Simu zikaanza kupigwa: mwachieni mtu huyo! Daktari akagoma. Angemwachia, angeingia katika mji wa mamilioni ya watu. Hata kwa kugoma huko, jumla ya waliougua ilifika 20, wakafa 8, daktari mwenyewe akiwamo. Karibu watu 900 walitafutwa na kufuatiliwa, nyumba kwa nyumba. Kwa "hapana" moja tu ya abiria yule!

Na hiyo ni Ebola, isiyoambukiza kabla ya dalili. Surua je? Huambukiza siku 4 kabla ya vipele, na virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 mgonjwa akishatoka chumbani.

Utaniambia, nauli hairudishwi. Kweli, na hapo simlaumu abiria. Anayemtoza faini mtu aliyeahirisha safari kwa homa, huyo ndiye anayempandisha mgonjwa. Mwingine atasema, basi mipaka ifungwe. Ukiifunga watu hupita njia za panya, na huko hakuna wa kukuuliza chochote.

Naonyeshwa karatasi, dakika mbili. Haya, homa ya manjano: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa ukiwa na begi mkononi ni kujisumbua. Barakoa mnazijua. Karantini nilikuwa nimeiandalia kurasa tatu, tuziache. Maswali. Wewe unayekohoa pale nyuma, lako liandike.